Kuangazia sanamu za plastiki Kisumu: jua, saa, joto, halafu taa

Mtu akishapata sanamu yake ya kwanza ya bei, iwe Nendoroid (kisanamu chenye kichwa kikubwa) ya sentimita 10 au mhusika wa kipimo cha 1/7 aliyetoka Japani na kulipiwa ushuru njiani, swali linalofuata huwa lilelile: ninunue taa gani? Swali hilo lina mahali pake, ila si pa kwanza. Kwa nyumba nyingi za Kisumu, taa ni mshukiwa wa nne. Linalotangulia ni dirisha, kisha idadi ya saa ambazo mwanga unaipiga sanamu, kisha joto lililofungiwa kabatini. Mwongozo huu unashughulikia dirisha kabla ya taa, ndiyo maana duka la vifaa vya stima tutalifikia baadaye kidogo.

Hatua ya 1: Tambua plastiki uliyo nayo

Sanamu nyingi za kukusanya ni za PVC, huku sehemu zinazobeba uzito au zinazotakiwa kuwa kali, kama panga na kitako cha kusimamia, zikiwa za ABS. Funko Pop ni vinili, ambayo ni PVC hiyohiyo. Matofali ya LEGO na watu wake wadogo ni ABS. Roboti za Gundam za kuunganisha mwenyewe, ambazo kampuni ya Bandai imekuwa ikizitengeneza tangu 1980, zina polistirini kwa wingi.

Kila moja huharibika kwa njia yake. PVC kwa asili ni ngumu. Kiwanda huilainisha kwa kuichanganya na kilainishi ambacho hakiungani nayo kabisa. Joto likipanda, kilainishi hicho hujipenyeza hadi juu, na siku moja unaishika sanamu unakuta inanata na vumbi limeganda mgongoni. Joto hilohilo hulegeza vifundo vya miguu, hasa kwa mhusika aliyesimama kwa mguu mmoja, mpaka akaanza kuinamia kioo. ABS haina shida hiyo ya kunata. Adui wake ni miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye pakiti. Miale hiyo hushambulia chembe za mpira zilizomo ndani ya plastiki, nyeupe ikageuka njano. Wenye matofali meupe na ya kijivu ya LEGO wanaijua vizuri hiyo njano.

Sasa zipange zako kwa udhaifu. Zinazoumia mapema ni sehemu angavu za PVC (nywele zinazopitisha mwanga, ndimi za moto, maji yanayoruka), plastiki nyeupe, rangi za waridi na kijani zile za kuwaka, na sanamu za resini ulizopaka mwenyewe. Rangi nyeusi, kahawia na za metali huvumilia zaidi. Kama unahifadhi na maboksi, usidhani yako salama: wino mwekundu na wa waridi wa boksi unaweza kupauka kabla sanamu yenyewe haijaonyesha dalili yoyote.

Hatua ya 2: Shughulikia jua kabla hujatoa senti kwa taa

Kisumu iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,130. Kipimo cha ukali wa UV hapa mchana hufika 11 na kupita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha juu kupindukia. Lakini kwa mwenye kabati, ukali wa mchana si kitu kikubwa kuliko mwelekeo wa dirisha, na hapo jiografia yetu ina msaada wake.

Mchana wa Juni jua letu huegemea kaskazini, wa Desemba huegemea kusini, lakini adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 66 kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini, likiwa na upenu wa sentimita 60 hivi juu yake, hupata kivuli cha zaidi ya mita moja wakati wa adhuhuri. Madirisha ya mashariki na magharibi hayana bahati hiyo. Hupigwa na jua la chini kila siku, mwaka mzima, wala upenu hausaidii. La magharibi ndilo baya zaidi hapa mjini, kwa sababu jua huzama karibu saa kumi na mbili na robo tatu, na kadiri jioni inavyokaribia miale inaingia ikilala hadi ukuta wa pili wa sebule. Wanaoishi Milimani au upande wa Dunga wakiwa wametazama ziwa, waongeze jingine: maji yenyewe hurudisha jua la jioni, likaingia kwa pembe ya chini kuliko ulivyotarajia, hata chini ya pazia la nusu.

Na kioo? Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya UVB, ile inayounguza ngozi, lakini hupitisha UVA nyingi tu. Kioo cha mlango wa kabati hakitofautiani. Kusema sanamu ziko salama kwa kuwa ziko nyuma ya kioo ni kujidanganya.

Fanya hivi siku ukiwa nyumbani. Simama mahali pamoja sebuleni, upige picha ya kuta saa mbili asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja jioni. Ukuta ambao haukuonekana na doa la jua hata mara moja ndio wa kabati. Kama dirisha lako linatazama kaskazini au kusini, rudia zoezi hili Juni na Desemba, maana doa huhama. Epuka pia sehemu iliyo chini ya bati la plastiki la kupitisha mwanga, lile linalowekwa kwenye korido na jikoni. Ukuta wa magharibi unaopigwa na jua kwa nje nao ni mtego: tofali hunyonya joto mchana na kulitoa ndani hadi usiku. Ikibidi kuutumia, acha nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati yake na mgongo wa kabati.

Kuna nyumba, hasa za chumba kimoja, ambazo hazina ukuta wa kuchagua. Hapo kuna pazia zito lenye kitambaa cha pili nyuma, na kuna filamu. Mafundi wanaobandika tinti za magari wanaweza kubandika kwenye kioo cha dirisha au cha kabati. Usinunue kwa giza. Tinti nyeusi ya bei rahisi inaweza kupitisha UV kuliko filamu iliyo wazi kabisa. Uliza ile ambayo karatasi yake imeandika kwamba inazuia UV kwa asilimia 99, na usikubali jibu la "hii pia ni sawa, boss". Kama umepanga, bandika kwenye kabati lako badala ya dirisha la mwenye nyumba, ukihama uende nayo. Na ukumbuke filamu ya wazi haigusi mwanga unaoonekana, ambao nao hupausha rangi, ila polepole zaidi.

Ndugu zetu wa Nakuru wana joto pungufu, lakini wako juu, karibu mita 1,850. Kila mita 1,000 unayopanda, UV huongezeka kwa takribani asilimia 10. Baridi ya asubuhi isiwafanye wasahau dirisha.

Hatua ya 3: Chagua aina ya taa

Chukua LED. LED nyeupe ya kawaida ni kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu wa karibu nanomita 450, kikafunikwa na ungaunga wa njano unaougeuza sehemu ya mwanga huo hadi ukaonekana mweupe. UV inayotoka ni kidogo mno kuhangaikia, na joto lake hutoka zaidi kwa mgongo kuliko kwa mbele.

Za kuondoa ni hizi. Spotlaiti za halojeni, zile ndogo zinazochimbiwa kwenye dari la jipsamu: zinatoa joto kali kwa mbele, na zina UV pia. Nyingi hukaa kwenye soketi ya GU10, hivyo unachomoa ya wati 50 na kuweka LED ya wati 5 bila kuita fundi. Balbu za uzi ni jiko dogo, sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto. Tyubu na balbu za tyubu iliyopindwa zina UV kidogo; kwenye dari la chumba siyo janga, ila usizifunge sentimita 20 juu ya sanamu. Taa za zambarau za kuwakisha rangi kwenye sherehe zimetengenezwa mahususi kutoa UVA, na zikae huko kwenye sherehe.

Kuna mbili ambazo watu hawazifikirii. Taa ya buluu ya kuua mbu huwavuta wadudu kwa UVA, na mara nyingi huwekwa juu ya kabati kwa kuwa pale ndipo penye soketi. Na kama kuna anayefanya kazi ya kucha nyumbani, mashine ya kukaushia jeli nayo ni ya UV. Zihamishie chumba kingine.

Ukishakubali LED, angalia namba mbili kwenye boksi. Ya kwanza ni rangi ya mwanga, inayopimwa kwa kelvini. Ninapendekeza kati ya 3000K na 4000K. Taa za 6500K, nyeupe ya kuelekea buluu ambayo maduka yetu yanaipenda kupita kiasi, zina sehemu kubwa ya buluu, na mwanga wa buluu una nguvu zaidi ya kupausha kuliko mwekundu. Tena hufanya sebule ionekane kama duka la dawa. Ya pili ni CRI, yaani uaminifu wa rangi, ambayo kikomo chake ni 100. Tafuta 90 na kuendelea. LED ya CRI 70 huua wekundu wote, na ngozi ya mhusika uliyemlipia pesa nyingi inakuwa na rangi ya uji wa jana.

Boksi linaweza kudanganya, kwa hiyo nenda dukani na sanamu moja mfukoni, yenye uso na kitu chekundu. Pale Oginga Odinga Street na mitaa inayoizunguka maduka ya stima yamepangana, na wengi wana ubao wa kujaribia. Sema tu, "Kaka, niwashie hii na hii kwa pamoja." Weka sanamu chini ya moja, kisha ya pili, na kiganja chako kando yake. Jicho litakuambia mapema kuliko namba. Kisha fungua kamera ya simu uielekeze kwenye taa: mistari meusi inayotembea skrini nzima ina maana taa inawakawaka, na hiyo itakuudhi kila unapopiga picha.

Taa za kubadilisha rangi kwa rimoti ni suala la ladha. Hazina UV ya kutisha. Lakini nyeupe yake, iliyochanganywa kwa nyekundu, kijani na buluu, ni mbovu, na mimi sioni faida ya kumtazama mhusika mwenye nguo nyekundu chini ya zambarau. Ukizipenda, ziwe za nyuma ya kabati, na nyeupe nzuri iwe ya mbele.

Hatua ya 4: Kataa utepe wa 240V

Hili nimelitengea hatua yake lenyewe. Utepe wa LED unaouzwa kwa mita, mnene, wenye ganda la plastiki laini na plagi inayoingia ukutani moja kwa moja, ni wa volti 240. Umejaa kila duka kwa sababu ni rahisi na unaweza kufikia mita nyingi bila kufifia. Ni wa kuzungushia dari au kibanda cha biashara. Ndani ya kabati la alumini na vioo, mahali unapoingiza mkono na kitambaa chenye maji kupangusa vumbi, ganda likichanika ni stima kamili. Wengi wake pia huwakawaka mara 100 kwa sekunde.

Chukua wa 12V wenye adapta, au wa 5V wa kuchomeka kwenye USB kama kabati ni dogo. Wa 5V una faida moja ya hapa kwetu: stima ikipotea, pawabenki inauwasha. Udhaifu wake ni kwamba ukipita mita mbili hivi, mwisho wa utepe unaanza kufifia.

Hesabu ya adapta ni nyepesi. Utepe wa 12V wenye wati 4.8 kwa mita, ukikata mita 3, unakula wati 14.4. Gawanya kwa 12 upate ampea 1.2. Ongeza robo ya ziada, inakuwa 1.5, basi nunua adapta ya ampea 2. Usinunue ile inayolingana kabisa. Itashinda ikiwa moto. Na usikate utepe popote: kata kwenye alama ya mkasi, ambayo kwa 12V huja kila baada ya LED tatu.

Adapta iwe na alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) au stika yao ya bidhaa zinazoingizwa nchini, na ile alama ya mraba ndani ya mraba inayoonyesha kwamba umeme umezuiwa kwa tabaka mbili. Ikae nje ya kabati, mahali penye hewa, si juu ya kapeti wala nyuma ya kochi. Kama imekuja na pini mbili za mviringo, tafuta kibadilishi cha pini tatu chenye fyuzi. Ule mtindo wa kufungua tundu la juu la soketi kwa kalamu ya Bic uache. Stima yetu ikikatika hurudi kwa kishindo, kwa hiyo chomeka adapta kwenye kifaa kilekile kinacholinda friji au televisheni.

Wenye sola waangalie jambo moja zaidi. Betri inayoitwa ya 12V, ikiwa inachajiwa na paneli, inaweza kufika volti 14.4. Utepe wa kawaida hauna kitu cha kuizuia nyongeza hiyo zaidi ya vizuizi vidogo vilivyohesabiwa kwa 12. Ukiungwa moja kwa moja, LED hupata umeme mwingi, zikawaka sana, zikapata moto na kufa mapema. Weka kirekebishi cha kutoa 12V isiyobadilika katikati.

Hatua ya 5: Hesabu mwanga kwa saa zake

Rangi haijali sana kama ilipigwa na mwanga mwingi kwa muda mfupi au mdogo kwa muda mrefu. Hujumlisha. Majumba ya makumbusho huhesabu hivyohivyo: vitu dhaifu sana, kama vitambaa na michoro ya rangi za maji, huwekwa kwenye laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaokipiga kitu), vya uhimilivu wa kati, kama michoro ya rangi za mafuta, kwenye 200. Kwa sanamu za plastiki za nyumbani, 150 hadi 200 wakati wa kuzitazama inatosha sana. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga karibu na spika ya sikioni, na programu za bure za kupimia laksi hukitumia. Haina usahihi wa maabara, lakini kwa kulinganisha rafu na rafu inafaa. Weka simu mahali pa sanamu, uso wake ukitazama taa.

Tuseme una laksi 200 kwa saa nne kila jioni. Kwa mwaka ni laksi-saa 292,000. Jua la moja kwa moja hufika laksi 100,000. Tuseme dirisha na pembe vimelipunguza hadi nusu. Saa sita tu za jua hilo zimekula mgao wa mwaka mzima wa taa yako. Yaani pazia likisahaulika wazi jioni chache, nusu saa leo na nusu saa kesho, umeshamaliza. Na hiyo ni kabla ya kuhesabu UV iliyokuja pamoja na jua. Kwa sababu hiyo dirisha limetangulia taa katika mpangilio huu.

Ili kupunguza: weka kipunguza mwanga kidogo cha 12V kati ya adapta na utepe, na soketi ya taima ukutani. Saa moja jioni hadi saa nne usiku ni ratiba ya kutosha kwa watu wanaotoka kazini. Bora zaidi ni kihisi cha mwendo, kinachowasha mtu anapolikaribia kabati na kuzima baada ya dakika mbili. Usiku kucha wa nini, nani anatazama? Gharama ya stima si hoja hapa: wati 15 kwa saa nne kila siku ni chini ya yuniti mbili za tokeni kwa mwezi.

Hatua ya 6: Funga taa mahali sahihi

Kosa la kawaida ni utepe mmoja juu kabisa, nyuma. Sanamu ya mbele inabaki na uso mweusi, rafu za chini gizani, na mwenye nyumba anaongeza mwanga badala ya kuuhamisha. Mwanga utoke mbele, juu, ukiinamia sanamu kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Kwa kabati la vioo refu, simamisha tepe mbili kwenye pembe za mbele, kushoto na kulia, kutoka juu hadi chini, zikielekea ndani. Hapo kila rafu inapata mgao sawa na uso unaangaziwa pande zote. Kama rafu ni za mbao, kila moja inahitaji kipande chake kwenye ukingo wa mbele wa rafu ya juu yake.

Utepe ukae ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe. Alumini hunyonya joto la mgongoni, kifuniko hutawanya zile nukta zinazong'aa kwenye ngozi laini ya PVC. Mafundi wa madirisha ya alumini wana mabaki ya mifereji, uliza kabla ya kununua mpya. Acha angalau sentimita 10 kati ya taa na sanamu iliyo karibu. Gundi ya nyuma ya utepe huachia kwa joto na unyevunyevu wa huku, kwa hiyo ongeza vibanio vidogo vya skrubu.

Usitumie gundi ya supaglu ndani ya kabati. Mvuke wake hutua kama ukungu mweupe kwenye plastiki angavu na nyuso zilizochapishwa. Silikoni ya fundi wa vioo nayo, ile yenye harufu ya siki, hutoa asidi inapokauka. Kabati jipya liache wazi siku kadhaa, mpaka ukiingiza kichwa usinuse chochote.

Hatua ya 7: Wadudu wa ziwa

Mwongozo wa Tokyo au London hauna sehemu hii. Kuna majira ambapo wingu la wadudu wadogo hupanda kutoka ziwani, upepo ukawaleta mjini, na jioni hujaa penye mwanga wowote. Kabati lenye LED 6500K karibu na dirisha lililo wazi ni mwaliko. Huingia kwenye upenyo wa milimita mbili, hufa ndani, na miili yao iliyokauka hushika kwenye PVC inayonata na kuacha madoa. Mjusi naye hufuata chakula, na kinyesi chake ni kibaya kuliko wadudu.

Wadudu huvutwa zaidi na UV na buluu kuliko mwanga wa njano, kwa hiyo 3000K inakusaidia hapa pia. Ziba mwanya wa milango kwa mkanda wa brashi au sponji nyembamba. Usizibe kila kitu: kabati lililofungwa kabisa hukusanya joto na mvuke wa kilainishi. Acha matundu mawili, moja chini na moja juu nyuma, na uyafunike kwa wavu mwembamba kabisa utakaoupata, kwa sababu baadhi ya wadudu hawa ni wadogo kuliko mbu. Siku wingu likiingia, zima taa ya kabati na uwashe ya nje.

Hatua ya 8: Jaribu joto kabla ya kupanga

Washa taa kabati likiwa tupu, milango imefungwa, kipimajoto cha dijitali kimoja rafu ya juu na kingine mezani chumbani. Subiri saa tatu. Chumba cha Kisumu kinaweza kuwa nyuzi 30 chenyewe, na chini ya bati lisilo na dari ni zaidi, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuongeza. Kabati likizidi chumba kwa nyuzi 3, punguza mwanga, ongeza tundu la juu, au toa kipande kimoja cha utepe. Gusa na adapta: ya vuguvugu ni sawa, ya kukufanya utoe mkono haraka irudishe dukani.

Rafu ya juu ndiyo yenye joto zaidi. Weka huko ABS na rangi nyeusi. PVC za mguu mmoja na zenye sehemu angavu zikae chini.

Hatua ya 9: Weka shahidi

Makumbusho hutumia vitambaa maalumu vya buluu vinavyopauka kwa kasi inayojulikana. Wewe kata ukanda wa karatasi ya manila ya waridi au nyekundu, funika nusu yake kwa karatasi ya foili, uubandike ndani ya kabati kwenye usawa wa sanamu unayoipenda kuliko zote. Andika tarehe nyuma. Baada ya miezi mitatu, funua foili uangalie kwa mwanga wa mchana. Karatasi hiyo hupauka haraka kuliko rangi nyingi za kiwandani, kwa hiyo mstari hafifu kati ya nusu mbili si wa kukutia hofu. Mstari ukiwa wazi kabisa, usianze kubadilisha balbu. Rudi kwenye picha ulizopiga za kuta, kisha uangalie ni nani nyumbani anayefungua lile pazia la magharibi saa kumi.